Kibuyu cha Mtindi Ulichokirudisha

Dada Kabula,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka machimboni Segese, nimekaa juu ya mfuko wa mawe ya dhahabu. Mikono inauma, lakini nipo hai.

Najua uliondoka nyumbani kwenda Chato kwa uchungu, maana watu wa nyumbani walisema ulitaka kuniua kwa njaa. Nami nilikuwa mmoja wao. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka tindo iliponichana mguu duarani, ndani ya shimo la dhahabu? Sikwenda zahanati. Nilifungua vidonge vya rangi mbili, zile antibiotiki za dukani, nikamwaga unga wake kwenye kidonda, vingine nikameza, kama nilivyozoea kumeza kila nikitaka kushuka shimoni, eti kinga. Mwisho maambukizi yakaingia kwenye damu. Nikalazwa chumba cha mahututi, nalishwa kwa mpira wa puani.

Mama akatuma kibuyu cha mtindi. Binamu yetu akakunong'oneza umimine kidogo kwenye mpira, nesi akigeuka. Wewe ukaenda kumuuliza nesi. Binamu akakucheka, Msukuma gani huyu anaomba ruhusa ya maziwa. Nesi akasema, "Tumboni mwa mtu kuna bakteria wanaomlinda. Wa huyu wengi wamekufa kwa dawa, na utumbo umelegea. Kwa sasa hata wale wazuri wa mtindi wanaweza kupenya hadi kwenye damu."

Ukakirudisha kibuyu kimejaa. Mama alilia siku nzima.

Nilipopata fahamu na kusimuliwa, nilikwambia, "Hata maziwa ya mama umeninyima." Ulinifuta jasho, ukanigeuza ubavu.

Wiki iliyopita nilirudi hospitali kuangaliwa mguu, nikamuuliza daktari mwenyewe. Alinieleza yaleyale ya nesi. Nikayaelewa kichimbaji: utumbo wangu ulikuwa duara lililong'olewa magogo yanayozuia kifusi, na mengi ya magogo hayo nimeyang'oa mimi kwa vidonge vyangu. Wewe hukusoma kunizidi, dada, lakini uliuliza. Mimi sikuwahi kuuliza. Asante kwa kuuliza. Asante kwa kubeba matusi yetu huku unanifulia mashuka.

Jumapili nilipanda basi hadi nyumbani, nikamweleza mama yote, binamu akiwapo. Binamu aliinamisha kichwa. Mama aliendelea kumenya viazi. Kisha akauliza, "Huko Chato anakula vizuri?"

Nikamwambia nitakuuliza. Njoo umjibu wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Masanja