Jeni Niliyoitaja kwa Simu

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani, ambako baridi imeniingia mpaka kwenye magoti. Mimi ni mzima. Wewe je? Miguu imeacha kuvimba? Mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika wapi? Najua ungenijibu kwamba mko salama tu, lakini ndugu yangu Shem ameniambia ukweli wote, na nimelia.

Ameniambia kwamba mkewe, Jeni, amerudi kwao Navakholo na mtoto. Kwamba ulikataa chakula chake wiki nzima, kisha ukamwambia mbele ya watu sokoni Khayega, "Msichana wangu wa maabara amesema ni wewe unaniharibu meno." Mama, sikusema hivyo. Lakini kosa ni langu, na naandika kwa sababu simu ndiyo iliyotukosanisha.

Kumbuka siku uliponiuliza kwa nini fizi zako zinatoka damu na meno yanalegea. Mtandao ulikuwa ukikatika kila dakika. Nami, kwa kutaka kuonyesha kwamba nimesoma, nikasema, "Mama, shida ni jeni. Ikishawaka haizimiki, inakula nyama ya ufizi polepole." Halafu ukauliza, "Ameanza lini?" Nikajibu, kitambo, hata kabla hujaona damu. Ukasema, "Mimi nilijuanga." Sikushtuka, maana sisi watu wa huko hata redio tunasema ameharibika. Ningeisikiliza hiyo "a" moja, Jeni angekuwa jikoni kwako leo.

Jeni niliyoitaja si mtu. Ni maagizo madogo yaliyomo mwilini, tunayorithi kwa wazazi. Kazi yangu hapa ni kuandaa vipande vidogo vya fizi za wagonjwa ili wakubwa wangu waone ni maagizo gani yamewashwa na yapi yamezimwa, kwa sababu hayawaki yote kwa pamoja, kama vile taa za nyumba. Wadudu wakijificha chini ya meno, mwili huwasha yale ya kuita walinzi. Wadudu wakiisha, yanapaswa kuzimwa. Lakini wasipoondolewa, yanaweza kubaki yamewaka miaka na miaka, na walinzi hao hao wakaanza kuharibu nyama na mfupa unaoshika jino. Hakuna aliyekulisha kitu. Ni mwili wako unaojitetea na kushindwa kuacha.

Tena usiniambie kwamba kukhu, mama yako, alikufa kibogoyo kwa hiyo nawe ni lazima. Kurithi jeni si kurithi pengo. Meno yakisafishwa mpaka chini ya ufizi, na sukari ya damu ikichungwa, nyingi kati ya jeni hizo hutulia. Si zote, na hapa bado tunatafuta kwa nini. Siku nyingine nafanya kazi na kile kipande kidogo kwenye chupa na nawaza kinywa chako tu. Nenda pale hospitali ya misheni, Mukumu, kabla jino la mbele halijafuata wenzake.

Naogopa kwa ajili ya meno yako, Mama, sitakuficha. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba neno langu moja la kujionyesha limemfukuza mtu aliyekuwa akikupondea njugu ili usihangaike kutafuna. Hilo hakuna dawa yake huku kwetu maabara.

Nisalimie Shem, na baba mdogo anayekukamulia ng'ombe, na shangazi wa kwaya, umwambie sijaacha kuimba, ila huku naimba peke yangu.

Sasa nikwambie jambo la mwisho. Barua hii sikuituma kwako. Macho yako hayawezi tena maandishi madogo, na Shem husoma akiruka mistari. Nimeituma Navakholo. Nimemwomba Jeni msamaha, kisha nikamwomba aje akusomee mwenyewe. Angeweza kukataa, na nisingemlaumu. Kwa hiyo kama unayasikia maneno haya, sauti hiyo ni yake. Amekuja, Mama. Na kama bado hujamwambia akae, mwambie sasa, kabla hajafika kwenye jina langu.

Binti yako,
Muhonja