Mablanketi ya Makambako Yalianikwa Kabla Sijafika

Mama yangu,

Ulikuwa ukinicheka kwamba nina kazi ya ajabu, nalipwa kwa kupiga picha majivu. Leo nakuandikia kukwambia kwamba nimeyakosa hata hayo majivu. Nimekaa mgahawani karibu na njia panda ya Makambako, chai inapoa mbele yangu, na bosi wangu amenitumia swali ambalo nashindwa kulijibu. Nimechanganyikiwa, mama. Mtu wa kunipangia mawazo ni wewe, na wewe haupo.

Duka lililoungua ni la Mama Faraja, mjane anayeuza vitenge na mablanketi. Alikata bima kwa sababu benki iliyomkopesha ilimtaka aikate. Moto ulizuka Jumamosi jioni, majirani wakauzima kwa ndoo za maji na mchanga kabla haujahamia duka la pili. Mimi nilifika Jumatatu asubuhi na kamera, futi na mifuko yangu ya sampuli. Kazi yenyewe unaijua: naangalia ukuta ulipoungua zaidi, nakagua nyaya, nachambua majivu palepale yalipoangukia, mpaka nijue moto ulianzia wapi. Kutokana na hapo kampuni inamlipa mtu, au inamwacha alivyo.

Nikakuta sakafu imepigwa deki.

Na si sakafu tu. Kuta zilikuwa zimesuguliwa kwa sabuni ya unga, masizi hakuna, dirisha lililopasuka limezibwa kwa turubai. Akina mama wa jumuiya yake ya kanisani walikuja Jumapili baada ya ibada, na mafagio yao na chupa za chai. Mbao zilizoungua walizitupa shimoni. Mablanketi yaliyoungua nusunusu waligawana, kila mmoja akaenda kufua kwake. Nilipopita mtaani niliyaona kwenye kamba, nyumba hii mawili, nyumba ile matatu, yanapepea na upepo wa huku unaoujua. Ushahidi wangu wote ulikuwa umefuliwa na kuanikwa.

Nilimpigia bosi wangu aliyeko Dar es Salaam. Akasema anayesafisha kabla ya mkaguzi kufika ana jambo analificha, niandike hivyo, madai yakataliwe. Muda wote aliokuwa akizungumza nilikuwa nakuona wewe.

Unakumbuka nyumba ya kupikia ya jirani yetu Mama Tuma ilipoungua, kule Mjimwema? Nilikuwa shule ya msingi bado. Ulitoka asubuhi umejifunga kanga yako ya kazi, ukarudi na sufuria zake kichwani, nyeusi tii. Tukakaa uani tukazisugua kwa mchanga na stilwaya, mpaka vidole vyangu vikaingia ganzi kwa baridi ile ya Juni. Nikakuuliza kwa nini mwenyewe asizisugue. Ukasema, "Akirudi asiukute moto wake. Umeshamuunguza, inatosha." Mimi nikanuna, maana wenzangu walikuwa wanacheza.

Miaka mingi baadaye nilikwambia kwamba siku ile tulivuruga eneo la tukio. Ulikuwa unasonga ugali, ukacheka mpaka mwiko ukakuponyoka. "Basi nikamate," ukasema.

Sasa nimewakuta wenzako wengi, mama, na sijui niwakamate au niwakumbatie. Niliamua kuyafuata mablanketi nyumba kwa nyumba. Kwa kiongozi wao, Mama Eliza, nilipokelewa kwa salamu ya huku, "Kamwene, mwanangu", na viazi vya moto. Akanitolea alichobeba kutoka dukani: mablanketi mawili, birika, na jiko la mkaa linalong'aa kama limenunuliwa leo. Nikakirudisha kiazi kwenye sahani. Mama Faraja alikuwa ameniambia kwamba hapikii dukani.

Nilimuuliza jiko lilikuwa wapi. Akasema stoo, nyuma ya mablanketi. Je, lilikuwa na mkaa, lilikuwa na majivu?

"Lilikuwa jeusi, nikalisugua," akasema. "Kwani mimi nilikwenda kulichunguza?"

Nikarudi kwa Mama Faraja. Hakukasirika. Alisema chai yake anachemshia nje, mlango wa nyuma, na jiko huliingiza likishapoa ili lisiibiwe. "Uliniuliza kama napikia ndani. Sipikii ndani." Akanitazama usoni bila kupepesa. Labda kaa moja lilikuwa halijafa. Labda ni waya wa ile soketi ya ukutani, ambayo nayo imesuguliwa ikawa nyeupe. Jiko lingekuwa na majivu yake ningejua kitu, na ukuta ungekuwa na masizi yake ningejua zaidi. Ninamwamini, lakini sijui kama ninamwamini kwa sababu anasema kweli au kwa sababu anajifunga kanga kama wewe. Haki ya yule mama isitegemee kanga.

Nikwambie na jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Siku tuliyokuzika, nilirudi kutoka makaburini nikiwa na nia ya kuingia chumbani kwako nilale kwenye shuka zako. Nikakuta zimeanikwa. Walikuwa wamefua kila kitu, mpaka ile sweta yako ya kijani, na chumba kilinuka sabuni tu. Niliwashukuru, nikawakaribisha chai, na moyoni nilikuwa nimewakasirikia mno. Mpaka leo sijui kama walinipunguzia mzigo au waliniibia.

Basi jana niliiandika ripoti. Jiko sikulificha, lina picha yake na maneno ya wote wawili, Mama Eliza na Mama Faraja. Chanzo cha moto niliandika kwamba hakijulikani, kwa sababu hakijulikani. Halafu nikaandika kwamba eneo lilisafishwa na majirani, kwamba ndivyo wanavyomfariji mtu aliyeunguliwa huku kwetu, na kwamba kusafisha huko kusichukuliwe kuwa dalili ya kuficha jambo. Najua Mama Faraja akinyimwa fidia atanyimwa kwa sababu ya sentensi hiyo kutoaminika. Duka hawezi kulisimamisha tena kwa nguvu zake, na mwanawe Faraja bado yuko shule.

Maelezo yote kwenye ripoti zetu lazima yataje yametoka kwa nani. Kwenye ile sentensi ya majirani nilikaa muda mrefu kuliko zote. Mwisho nikaandika, mama yangu mzazi, mkazi wa Mjimwema, Njombe. Nikaituma.

Nakuaga hapa, maana mhudumu ameshapita mara mbili kuuliza kama chai ina kasoro. Jumapili nitakuja Mjimwema na fagio, kaburi lako lina majani. Ulale vizuri, mama.

Swali la bosi liko kwenye simu, naishika naiweka. Anasema maelezo ya shahidi yamemgusa na yanaweza kumsaidia yule mjane, ila anataka kuyathibitisha mwenyewe. Anaomba namba yako.

Kitindamimba wako