Bahari Wanayoiita Kinywaji

Kwako Mama mpendwa,

Habari za huko nyumbani? Presha imeshuka, au bado unaamka na kichwa kizito? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Dada Akinyi alinipigia simu kutoka Manyatta. Anasema wazee wanataka kuzika tunda la yago mahali pa Otieno, kama tunavyofanya maiti isipopatikana, nawe umekataa. Umesema hutazika tunda mpaka mimi, niliyekuwa na ndugu yangu melini, nikueleze mwenyewe. Basi nakueleza, Mama. Keti kwanza.

Tulikuwa mbali kaskazini, upepo mkali. Kamba za mzigo zililegea, tukatumwa mimi na Otieno kuzikaza. Wimbi likapanda juu ya meli likambeba. Nilimwona akiinua mkono, mara moja tu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Meli ikageuka. Nahodha akasema kwenye redio kwamba mtu wetu mmoja yuko kwenye “drink”. Kinywaji! Ati ndivyo Waingereza wanavyoiita bahari. Nilitaka kumrukia. Fundi wa injini, mzee Mskoti, alinishika bega. Baadaye akaniambia hakuna ajuaye vizuri neno hilo lilianzia wapi. Wengine husema Wamarekani wa zamani waliita bahari kuu kinywaji kikubwa kwa mzaha, kisha marubani wa vita wakalishika, maana ndege zao zilikuwa zikiangukia humo. Watu wakiogopa kitu, alisema, hukitania.

Huenda. Lakini ziwa letu tunalinywa kweli, tunalipikia ugali, na likiua mtu mara nyingi humrudisha ufuoni tukamzika. Maji haya ni chumvi na baridi tupu. Nayachukia, Mama.

Tulitafuta mpaka giza likaingia. Nikamuuliza yule mzee kama mtu anaweza kuokolewa na meli nyingine. Hakunificha. “Ouma, kwa baridi ile, ndugu yako alikuwa ameshakwenda kabla hatujamaliza kugeuka.”

Kwa hivyo usimngoje. Waache wazee wachume yago, walivike shati lake la kanisani, walilaze kando ya Baba. Watu walie kwa sauti. Mimi huku nalilia chooni, wenzangu wasinione.

Nisalimie Baba mdogo Okoth, anayetushikia boma. Msalimie Akinyi. Na shemeji Atieno, mjane wa ndugu yangu, mwambie nimemwita hivyo mimi mwenyewe, ili asikae nusu mke nusu mjane.

Ni mimi, mwanao uliyebaki naye,
Ouma