Ndengu ya Kumi na Nane

Nchiru, Meru

Kwako Baba Wawira,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakupata ukiwa mzima, na ule mguu umeacha kukusumbua. Mama yako anaendeleaje na kikohozi? Mbuzi mwekundu amezaa? Mimi niko salama, ni baridi tu ya huku haijanizoea. Kibanda cha nafaka kinaendelea. Ndengu za kwetu Gachoka zinapendwa na wanafunzi wa chuo kuliko za mtu yeyote kwenye hii barabara, na sijisifu, waulize.

Ningekupigia, lakini wewe simu unaikata nikiwa katikati. Hii habari nataka uisome yote ukiwa umekaa.

Unakumbuka Wawira wetu alipokaguliwa mara ya kwanza kule shuleni anakofanya mazoezi ya ualimu, wanafunzi walimwangalia tu kama ukuta. Mkaguzi kutoka chuoni akamwambia akishindwa tena atarudia mazoezi mwaka ujao. Mtoto akaja kwangu hataki hata chakula. Somo la mara ya pili lilikuwa jinsi atomu inavyogeuka kuwa ioni hasi. Nikamwambia, "Nieleze mimi. Nikielewa mimi wa darasa la saba, hao wa kidato cha pili watashindwaje?"

Akachukua mahindi na ndengu zangu, akapanga kwenye sinia. Punje kumi na saba za mahindi katikati: hizo ni protoni, kila moja ina chanya yake, na hazitoki hapo. Ndengu kumi na saba kuzunguka: hizo ni elektroni, kila moja na hasi yake. Chanya na hasi ziko sawa, haielemei upande wowote. Hiyo ni atomu ya klorini. Mzunguko wa ndani una ndengu mbili, unaofuata nane, wa nje saba.

"Huu wa nje hutulia ukiwa na nane," akasema. "Kwa hivyo klorini inapokea moja kutoka kwa atomu nyingine, kama sodiamu. Hapo inakuwa ioni hasi."

Nikamkatalia. "Aliyepokea ameongezeka. Mbona umwite hasi?"

"Mama, ameongezwa nini? Angalia huyo mgeni amekuja amebeba nini."

Baba Wawira, nikaiangalia ile ndengu: kumbe amebeba hasi. Unajua mimi sishindwi ovyo.

Basi nikamfungia vifurushi vya gazeti, kimoja kwa kila kundi la wanafunzi, mahindi kumi na saba na ndengu kumi na saba. Ile ndengu ya kupokewa angewagawia mwenyewe mwishoni. Siku ya kukaguliwa nikapeleka ndengu za jikoni pale shuleni, kisha nikasimama karibu na dirisha la darasa. Nani angenifukuza?

Wanafunzi wakafungua, wakahesabu. Msichana mmoja akainua mkono. "Madam, yetu iko na ndengu kumi na nane."

"Hata yetu."

Kijana wa nyuma akasema, "Madam, huyo alikuuzia anakupenda."

Darasa likacheka. Mkaguzi akaandika kitu. Mimi nikajua kosa ni langu, kwa sababu unaujua huu mkono wangu. Tangu nianze kupima nafaka kwa mkebe wa gorogoro sijawahi kumfungia mtu bila nyongeza. Kila kifurushi nilikuwa nimekitupia ndengu moja juu kabla ya kukunja, bila hata kufikiria.

Wawira akatazama dirishani, akaniona. Nikaona mtoto amekwisha, na ni mimi nimemmaliza.

Akageukia darasa. "Aliyefunga ni mama yangu. Yeye hapimi bila kuongeza." Wakacheka tena, lakini sasa wakicheka naye. "Haya, hesabuni mahindi. Yameongezeka?"

"Hapana, ni kumi na saba."

"Kila punje ya mahindi ishikane na ndengu moja, muziondoe. Kimebaki nini?"

"Ndengu moja."

"Na ndengu ina nini?"

"Hasi."

"Basi mama yangu hakuwapatia atomu. Amewapatia ioni hasi. Nani anaweza kuniambia ilifanyika vipi?"

Mikono ikainuka darasa zima. Na yule wa kuchekesha ndiye aliyeeleza, mpaka mzunguko wa nje wenye nane na kila kitu. Ningekuwa mimi ningelia pale mbele ya watu. Wawira sauti haikutetemeka hata kidogo.

Mkaguzi alipotoka akanikuta hapo nje. "Ni wewe unaongeza?"

"Ni mimi."

"Hatarudia," akasema. Kisha akaingia kwa gari lake, hata sikupata nafasi ya kumshukuru.

Msalimie wifi yangu Marigu, na mchungaji aliyetuombea, mwambie yamejibiwa. Mama yako mwambie jina lake alilorithi Wawira sasa linaitwa mwalimu huku Meru. Chukua sinia umweleze na mahindi na ndengu, ataelewa, kichwa cha Wawira kilitoka kwake. Lakini kuhesabu hesabu wewe, usimwachie. Huu mkono wa kuongeza ni yeye alinifundisha.

Ni mimi wako,
Mama Mwalimu