Mbwa wa Marehemu ni wa Nani

Habaswein

Dada yangu Mwende,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua imewafikia huko Mwingi. Lile goti limepoa? Mimi bado napumua, ingawa kwenda kisimani sasa ni safari, na mkono unatetemeka kama unavyoona katika mwandiko huu.

Kila ukipiga simu unanisihi nirudi nyumbani, nami nakujibu kuwa daktari amenikataza kusafiri. Hakuna daktari aliyenikataza. Nilikudanganya, na sitaki kufa na uongo huo. Kinachonizuia ni mbwa. Cheka kwanza, kisha uendelee kusoma.

Kiangazi kilichopita kichaa cha mbwa kilimuua kaka yake Halima, jirani yangu anayeuza maziwa ya ngamia. Aliumwa mguuni malishoni, akapuuza. Alipoanza kuogopa maji, hapakuwa tena na la kufanya. Tangu hapo afisa wa mifugo huja na chanjo, na kila mara ni vita ileile. Hamdungi mbwa asiye na mwenyewe wa kumshika. Akiuliza mbwa huyu ni wa nani, wazee wanatazama pembeni. Si wangu, si wetu. Usiku mbwa haohao ndio wanaofukuza fisi kwenye mazizi yao! Mbwa ni najisi, sawa, naiheshimu dini yao; lakini dini hiyohiyo imewafundisha kuosha kilichoguswa na mate yake mara saba, moja kwa udongo. Nimeeleza hadi nimechoka. Mmoja akaniambia, "Mwalim, watoto walikushinda, sasa unasomesha mbwa." Wakacheka wote.

Basi nikawa nasema wote ni wangu, nikiwashika mwenyewe mmoja mmoja. Safari hii mikono ilikataa. Wa kwanza aliniponyoka, nikaanguka, na afisa akaanza kufunga sanduku lake la barafu. Nilibaki vumbini, nikimsihi asubiri.

Ndipo Halima akaja na kamba na dumu la maji, akamfunga mdomo mbwa jike mweusi.

"Huyu wangu," akasema. "Dunga."

Akanawa palepale mbele ya wazee, mara saba, bila haraka.

Lakini ni mmoja tu, Mwende. Wengine walikuwa wameshatawanyika. Afisa atarudi baada ya Idd, na Halima ameniuliza, "Ukienda kwenu, mwalim, hawa wengine watakuwa wa nani?" Ndiyo maana sijafunga mzigo.

Nikifa kabla ya hapo, mwanao Mutua aje anichukue, mnizike kando ya mama. Ila asiondoke hapa kabla ya kuwauliza wale wazee, kwa sauti, mbwa wa marehemu ni wa nani sasa.

Nisalimie shemeji, mke wa Mutua, na mwinjilisti wetu ambaye bado ananiombea nipate nguvu za kusafiri. Mwambie abadilishe ombi.

Kaka yako, ambaye hakufichi kitu tena,
Musyoka