Siagi kwenye mkoba wa Mama Pudentienne

Natacha, nimechoka. Usinicheke kwanza.

Unakumbuka ule mkoba wa ngozi ya ng'ombe wa mahari ya Mama Pudentienne? Aliniambia, "Ukinge na mvua tu, rangi zake usiziguse."

Nta isiyo na rangi ilikuwa mezani. Mimi mjuaji nikapaka siagi ya ng'ombe, mkoba mzima, bila kujaribu kwenye kipande! Ukawa mweusi kama sufuria ya maharage.

Leo kaja hapa karakanani kwangu, Gisimenti. Akaugeuza, akaugeuza tena. "Mwanangu, kovu la pembe liko wapi?" Kovu lile jeupe, pale alipochomwa pembe, ndilo lililomfanya amtambue ng'ombe wake.

Nikajibu, "Liko ndani, Mama." Liko ndani! Mimi huyo!

Hakunigombeza. Akaunusa mkoba, akafumba macho. "Angalau ng'ombe wangu ananukia kama zamani."

Bora angenitukana.