Ni Kama Kuchaji Simu

Jumamosi, 12 Julai

Nimechomeka gari langu la umeme saa mbili asubuhi, kama Jumamosi zote. Waya umetoka chumbani kwa Shangazi Tatu, umepita ukumbini, umetokea mlango wa uani mpaka kichochoroni. Waya mnene, mpya, nimeutoa dukani kwangu. Mtu aliyeuza vifaa vya umeme Kariakoo miaka ishirini hawezi kutumia waya wa kuungaunga.

Shangazi ni dada yake marehemu baba. Nyumba ni yake, ya zamani, hapa nyuma ya soko. Anaishi na wapangaji wawili, na wote wanatumia mita moja ya luku, ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Mita hiyo iko kwenye tarifu, yaani kiwango cha bei, ya watumiaji wadogo. Uniti zake ni rahisi kwa sababu zimewekwa kwa watu wa taa tatu na redio. Ukivuka kikomo cha mwezi unahamishiwa tarifu ya kawaida, na bei ya huko si mchezo. Mita ya kwangu Upanga iko huko. Nilizipima zote mbili kabla gari halijashuka bandarini. Nikachagua ya Shangazi.

Siku ya kwanza aliniuliza kama gari halitammalizia umeme. Nikamwambia, "Kuchaji ni kuchaji tu, Shangazi. Ni kama simu." Akacheka. Akasema hajawahi kumtoza mtu kwa kuchaji simu, sembuse mtoto wa kaka yake.

Kila wiki namnunulia uniti. Zile ninazokula na za juu kidogo. Yeye anadhani ni zawadi, ananiombea dua. Simkatizi. Ninachotumia nakilipia, sasa wizi uko wapi?

Jumanne, 15 Julai

Mteja kaniuliza dukani gari la umeme linakula kiasi gani. Nikamjibu kwa mbwembwe, duka zima lisikie. Hakuuliza nachajia wapi. Angeuliza ningesema nyumbani.

Na ni nyumbani. Nilizaliwa pale. Ona ninavyojitetea na hakuna aliyenishtaki.

Jumapili, 20 Julai

Shangazi kapiga simu. Kanunua luku kwa hela ile ile ya siku zote, uniti zilizokuja hazifiki nusu. Kamwita mwenye duka mwizi mbele za watu. Yule baba wa watu kamwonyesha ujumbe kwenye simu, hakuna alichokata.

Nilijua palepale. Nikamwambia nitafuatilia.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefuatilia, ingawa nilijua. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na subira. Mita imevuka kikomo, imehamishwa tarifu. Inaweza kurudi, akasema, matumizi yakishuka na yakabaki chini miezi kadhaa, kisha mwenye mita aombe. Akauliza kama kuna kifaa kipya pale nyumbani. Nikasema nitaangalia.

Jioni nikapita kwa Shangazi. Njia nzima nilikuwa na maneno matatu mdomoni: ni gari langu. Nilipofika nikajisikia nasema, "Mita imevuka. Kuna mtu humu anatumia sana."

Kuna mtu. Nayaandika ili niyaone. Kuna mtu.

Alhamisi, 24 Julai

Shangazi kazima friji. Friji ile ndiyo barafu zake za ukwaju, na barafu ndizo hela yake ya mkononi. Nimemkuta kainama anafuta maji na kitambaa, na magoti yake yale mabovu. Anasema labda ni yeye, labda friji imezeeka kama mwenyewe. Halafu akasema hapana, friji ni ile ile, waliobadilika ni watu.

Wapangaji wake ni Mzee Kondo, fundi cherehani aliyestaafu, na Esta, binti anayeshona vifungo kwenye duka moja la nguo hapa Kariakoo. Esta kahamia mwezi wa tano, ana kichanga. Mume yuko migodini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," kasema Shangazi. Alikuwa anautazama mlango wa Esta.

Kaniomba nije Jumamosi nikague vyumba. Mimi ndiye mtu wa umeme, kasema. Nikakubali. Mtu mzima na mvi zangu, nikakubali.

Jumamosi, 26 Julai

Sikutaka kuchomeka gari leo. Shangazi ndiye aliyeuliza mbona sijachomeka, nisije nikakwama njiani. Kukataa kungekuwa kujieleza. Nikachomeka.

Tukaanza kwa Mzee Kondo. Redio, taa, pasi ya kuazima. Dakika moja tumetoka. Kisha kwa Esta. Waya wa gari ulikuwa umelala mbele ya mlango wake. Niliuruka kuingia.

Hakusubiri nipekue. Alivuta hita ya maji chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye kanga, akaishika kwa mikono miwili. Mtoto yuko mgongoni.

"Ni mimi, Bibi," alimwambia Shangazi. "Namchemshia mtoto maji ya kuoga, hiki kipupwe. Sikujua kama inakula hivyo. Naomba mnisamehe."

Hita hiyo nilimuuzia mimi. Nilimpunguzia na bei, akaondoka ananishukuru.

Shangazi akanigeukia. "Ndiyo hiyo?"

Dakika tano za maji ya mtoto. Na nje gari lilikuwa linanyonya tangu asubuhi, litanyonya mpaka alasiri. Hesabu hii naijua hata nikiwa nimelala. Nikasema, "Hita zinakula sana."

Si uongo. Kila fundi atakwambia hivyo. Nilichagua sentensi ya kweli nikaifanyisha kazi ya uongo.

Shangazi akampa mpaka mwisho wa mwezi atafute chumba. Esta akasema asante. Asante, jamani.

Jumapili, 27 Julai

Sijala. Mama Rama kaniuliza kama naumwa, nikasema tumbo. Hata mke wangu namdanganya, tena kwa tumbo.

Nimefikiria niache tu kuchajia pale, kimyakimya. Ningetia mita Upanga kwenye maegesho, basi. Halafu nikaona itakavyokuwa. Matumizi yatashuka, tarifu itarudi, na Shangazi atasema: mnaona, alikuwa Esta. Nikiacha bila kusema ndiyo nitakuwa nimemfunga kabisa.

Mimi ni mwoga. Sikuwahi kuliandika neno hilo kuhusu mimi.

Jumanne, 29 Julai

Nimeenda kusema. Nimefunga duka saa kumi, nimeenda kwa miguu, nimekaa ukumbini. Shangazi kaniletea kahawa na kashata. Kaanza yeye kuongea, jinsi watu wa siku hizi wasivyo na haya, wanakuonea na huku wanakuita Bibi. Nikatoa simu, nikamnunulia uniti. Uniti chache, kwa bei mpya. Akaniwekea mkono kichwani akasema Mungu anizidishie.

Nimerudi na dua ile kichwani, inaniwasha.

Alhamisi, 31 Julai

Nilikuwa mlangoni dukani napanga soketi. Mkokoteni ukapita. Godoro, meza ya plastiki, ndoo mbili, beseni la mtoto. Esta nyuma yake, mtoto mgongoni kavalishwa kofia ya sufu. Mtoto anakohoa.

Aliniona. Angeweza kugeuza uso, hakuna ambaye angemlaumu. Akasimama, akasema, "Shikamoo, Baba Rama."

Nikasema, "Marahaba."

Nimeitikia. Nimepokea heshima yake yote, kisha nikarudi kwenye soketi zangu. Mwenye mkokoteni alisema wanaenda Buguruni.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimesema.

Nilitoka msikitini nikaenda moja kwa moja, sikupita dukani, nisipate sababu. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Ni gari. Si kama simu, halijawahi kuwa kama simu. Nilijua tangu mwanzo, ndiyo maana nilikuja kuchajia hapa, kwa sababu tarifu yako ilikuwa ya chini. Uniti nilizokuwa nakununulia nilikuwa nazila mwenyewe. Hita ya Esta haikufanya kitu.

Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza. Aliendelea kuchambua mchele.

"Yule mtoto wa watu aliomba radhi kwa kosa lako," alisema. "Na wewe umesimama hapo hapo unamsikiliza."

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nikamtoa."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza, akasema nisimwombe yeye. Kisha akaniambia nikunje waya wangu. Niliukunja mbele yake, ukumbi mzima, mita kwa mita. Mzee Kondo alikuwa mlangoni kwake. Alisikia yote. Alizima redio.

Niliposema kwaheri Shangazi hakuitikia. Hajawahi kuninyima kwaheri maishani mwangu.

Jumapili, 3 Agosti

Buguruni, na Shangazi. Alikataa kupanda gari langu. Tukachukua bajaji, akakaa upande wake akiangalia nje. Nilipata anwani kwa bosi wake Esta. Chumba kiko nyuma ya gereji, sakafu imepasuka, kelele za nyundo tangu mlangoni.

Esta alituona akaogopa. Alidhani tumekuja kudai. Akaanza yeye kujieleza, kwamba mchango wake wa luku wa mwezi ulioisha aliumaliza, Mzee Kondo shahidi.

Shangazi akamshika mkono. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, na huyu ni umri wa mjukuu wake. Akasema, "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe." Esta akapiga magoti haraka ili asiwe juu ya mtu mzima anayemwomba radhi. Wakabaki hivyo, wameshikana, mimi nimesimama kama kabati.

Ikawa zamu yangu. Nikamweleza kwa maneno yale yale. Gari, tarifu, hita. Nikamwambia hita yake haikuhamisha mita, na nilijua siku ile ile.

Kisha akaniuliza taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu: "Kwa hiyo ningeweza kuendelea kumchemshia?"

Sikuelewa. Akaeleza. Tangu Jumamosi ile amekuwa akimwogesha mtoto kwa maji ya baridi. Mkaa ulikuwa umemwishia, na hita aliiogopa. Aliogopa hata kuwasha taa. Kikohozi kilianza Jumatatu. Wamempa dawa, anaendelea vizuri, akasema, nisijali.

Nisijali.

Nilimwomba arudi. Shangazi alimwomba arudi, bila kodi mpaka mwaka uishe. Akakataa kwa adabu. Kodi ya hapa ameshalipa, na jirani mmoja anamsaidia mtoto akiwa kazini. Lakini kabla hatujatoka aliniambia neno moja zaidi, bila hasira, na ndilo nililokuja nalo nyumbani. "Baba Rama, pale ukumbini nilikutazama wewe. Nilijua wewe unajua mambo ya umeme, utasema hapana, haiwezekani ni hita tu."

Alinitegemea. Alisimama pale na hita mkononi ananisubiri mimi nimtetee.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeomba mita mpya, Upanga, kwenye maegesho. Kijana wa dirishani aliuliza ni ya matumizi gani. Nikasema kuchaji gari. Akaandika tarifu ya kawaida bila kuinua macho. Kumbe lilikuwa jambo la dakika mbili.

Wateja wakiniuliza sasa gari linakula kiasi gani nawaambia kiasi chenyewe. Wengine wanashtuka. Mmoja kasema bora abaki na petroli.

Jumatatu, 11 Agosti

Jana nilimwambia Mama Rama. Alisikiliza, akatoka kwenda kuanua nguo, akarudi, akauliza kama mtoto wa Esta amepona. Nikasema nadhani. Akasema kesho ataenda kuona mwenyewe, kudhani hakutoshi.

Leo ameenda na amerudi. Mtoto hakohoi tena. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi namsubiri. Sikuweza kukaa ndani.

Jumapili, 17 Agosti

Nimeenda kwa Shangazi baada ya alasiri. Naenda siku hizi bila kuitwa, nakaa. Sasa ananiitikia salamu, kahawa bado. Mita yake itakaa juu miezi. Nilijitolea kulipa tofauti akakataa. Friji bado imezimwa, mlango wake uko wazi.

Akaja mama mmoja kuulizia chumba. Mtu wa makamo, ana banda la mboga sokoni, kavaa kandambili, mkoba mkubwa begani. Alikikagua vizuri, akafungua dirisha, akafunga. Akasema chumba kizuri, kina hewa, lakini mwenzake aliyekuwemo alihama kwa nini? Watu hawahami chumba kama hiki katikati ya mji bila sababu.

Shangazi alinigeukia mimi.

"Mwambie wewe."

Mwanamke nisiyemjua, hana habari na mimi. Ningeweza kusema alipata chumba kingine, na isingekuwa uongo. Nikamwambia. Nilianza kwenye gari, nikafika kwenye hita, nikafika Buguruni, na maji ya baridi. Sikuacha kitu. Shangazi alikuwa anasikiliza kila neno, kichwa kimeinama.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akanitazama kidogo, usoni, kisha akamgeukia Shangazi akauliza choo kiko upande gani.